Vimelea vya Utumbo, Lishe na Ukuaji wa Kuku wa Nyama: Hasara Isiyoonekana katika Daftari la Vifo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vimelea vya utumbo vinavyoathiri lishe na ukuaji wa kuku wa nyama, kwa kuzingatia mazingira ya wafugaji wadogo wa mijini na pembezoni mwa miji nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba, kwa kuku anayeuzwa akiwa na umri wa wiki tano au sita, kimelea chenye madhara makubwa si mnyoo bali ni koksidia wa jenasi ya Eimeria, na kwamba sehemu kubwa ya madhara yake hutokea bila kifo na bila damu katika kinyesi. Makala yanafafanua mzunguko wa maisha ya vimelea hivi, njia nne zinazopunguza faida ya chakula mwilini mwa kuku, na sababu zinazofanya hasara hiyo ipite bila kutambuliwa. Mwishoni yanapendekeza vipimo vinavyofaa kutumiwa na wafugaji, maafisa ugani na watafiti.

Istilahi muhimu: kuku wa nyama, vimelea vya utumbo, koksidiosisi, ufyonzwaji wa virutubisho, uwiano wa chakula na uzito.

1.0 Utangulizi

Kuku wa nyama wa kisasa ni zao la uteuzi wa vizazi vingi uliolenga jambo moja: kugeuza chakula kuwa nyama kwa muda mfupi. Kifaranga huanguliwa akiwa na uzito wa gramu 40 hivi. Akilishwa na kutunzwa ipasavyo, hufikia kilo 2 hivi ndani ya siku 35, yaani uzito wake huongezeka takribani mara 50. Ni mifugo michache ya nyumbani inayoutegemea utumbo wake kwa kiwango hicho katika muda mfupi namna hiyo. Kwa hiyo, dosari yoyote katika ukuta wa utumbo, hata ikidumu kwa siku chache tu, hujitokeza katika mizani.

Kwa mfugaji, suala hili lina uzito wa kiuchumi. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za kufuga kuku wa nyama, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha za mkopo au kwa akiba ya familia. Chakula kilichopita tumboni bila kufyonzwa kimekwisha kulipiwa. Pamoja na hayo, tathmini ya afya ya kuku katika mabanda mengi madogo huishia katika kuhesabu vifo. Kundi lisilofiwa huhesabiwa kuwa kundi lenye afya.

Makala haya yanaonesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Ili kuifikia hoja hiyo, ni lazima kwanza kutofautisha makundi mawili ya vimelea ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, yaani minyoo na koksidia.

2.0 Vimelea vinavyohusika na suala la muda

2.1 Minyoo

Minyoo wanaojulikana zaidi kwa kuku ni Ascaridia galli, mnyoo mkubwa wa mviringo anayeishi katika utumbo mwembamba. Heterakis gallinarum, anayeishi katika sikamu, yaani vile vifuko viwili virefu vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Pamoja na minyoo bapa wa jenasi ya Raillietina, ambao huhitaji kupitia kwa wadudu kama vile sisimizi na mbawakawa kabla ya kumwingia kuku.

Kwa kuku wa kienyeji anayezurura na kwa kuku wa mayai anayekaa bandani zaidi ya mwaka mmoja, minyoo hawa ni tatizo la kweli. Hali ya kuku wa nyama ni tofauti kwa sababu ya muda. Yai la Ascaridia galli linapotoka na kinyesi haliwezi kuambukiza papo hapo. Hata katika hali nzuri ya joto na unyevu huhitaji siku 10 hadi 20 ili kiluwiluwi kikomae ndani yake. Likisha kumezwa, hupita wiki 5 hadi 8 kabla ya mnyoo kukomaa na kuanza kutaga. Kuku anayeuzwa siku ya 35 au ya 42 aghalabu huwa amechinjwa kabla ya mzunguko huo kukamilika hata mara moja.

Haifuati kwamba minyoo hawawezi kumdhuru kuku wa nyama. Matandazo ya kundi lililopita yakitumiwa tena, au kuku wakifugwa juu ya sakafu ya udongo iliyokwisha kuchafuliwa, vifaranga wanaweza kumeza mayai yaliyokomaa tangu siku za mwanzo, na viluwiluwi vikaujeruhi utumbo vinapopenya katika ukuta wake. Hata hivyo, katika banda lililosafishwa na kuwekewa maranda au pumba mpya, kutoa dawa ya minyoo katika wiki ya tatu ni kupambana na kimelea ambacho bado hakijapata nafasi ya kuenea. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba dawa hizo, kama vile piperazini na levamisoli, hazidhibiti koksidia. Mfugaji anayezitumia kwa sababu kuku wake wamedumaa anaweza kuamini kwamba ametibu, ilhali chanzo cha tatizo kinaendelea.

2.2 Koksidia

Koksidia wa kuku ni protozoa wa jenasi ya Eimeria. Kwa miongo mingi spishi saba zimetambuliwa kwa kuku, na mwaka 2021 nyingine tatu zilipewa majina rasmi: Eimeria lata, Eimeria nagambie na Eimeria zaria. Katika kuku wa nyama, spishi tatu hutajwa mara nyingi zaidi. Eimeria acervulina hushambulia duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Eimeria maxima hushambulia sehemu ya kati. Na Eimeria tenella hushambulia sikamu.

Kimelea hutoka na kinyesi kikiwa katika umbo la oosisti, chembe yenye ganda gumu inayostahimili dawa nyingi za kusafishia mabanda. Oosisti mbichi haiambukizi. Ikipata joto, hewa na unyevu, hukomaa kwa muda wa siku moja au mbili na kuwa na sporozoiti nane ndani yake. Kuku anapoimeza, firigisi hulivunja ganda, kisha vimeng'enya vya kongosho na nyongo huziachilia sporozoiti, nazo hupenya katika seli za ukuta wa utumbo. Humo huzaliana kwa kujigawa vizazi kadhaa, na kila kizazi hupasua seli kilimokulia kabla ya kuvamia seli nyingine. Hatimaye oosisti mpya hutoka na kinyesi siku 4 hadi 7 tangu maambukizi, kwa kutegemea spishi.

Tofauti ya muda kati ya makundi haya mawili ndiyo kiini cha suala. Katika siku 35 za maisha ya kuku wa nyama, Eimeria anaweza kukamilisha mzunguko wake mara kadhaa ndani ya banda lile lile, kila mara akianza na idadi kubwa zaidi ya oosisti katika matandazo. Kwa kawaida idadi hiyo hufikia kilele kati ya wiki ya tatu na ya tano, yaani katika kipindi kile kile ambacho kuku hula zaidi na huongeza uzito zaidi kwa siku.

3.0 Njia nne za kupunguza faida ya chakula

Dhana iliyozoeleka ni kwamba kimelea humdhuru mwenyeji kwa kumla chakula chake. Kwa koksidia dhana hiyo haielezi mengi. Kiasi ambacho kimelea chenyewe hutumia ni kidogo kikilinganishwa na kile ambacho kuku hupoteza kwa sababu utumbo wake umejeruhiwa na mwili wake unajitetea. Hasara hiyo hupitia njia nne.

Njia ya kwanza ni kupungua kwa hamu ya kula. Kuku aliyeambukizwa hupunguza chakula siku chache baada ya maambukizi, wakati seli za utumbo zinapopasuka kwa wingi. Watafiti hutenganisha athari hii na nyingine kwa jaribio la kulisha kwa jozi: kuku mzima hupewa kiasi kile kile ambacho kuku mgonjwa amekula siku hiyo. Ikiwa kuku mzima bado anakua zaidi ya mgonjwa, tofauti iliyobaki haiwezi kuelezwa na hamu ya kula peke yake. Majaribio ya aina hii ndiyo yaliyoonesha kwamba kuna sababu nyingine zinazofanya kazi ndani ya utumbo.

Njia ya pili ni kuharibika kwa ufyonzwaji. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo vinavyoitwa vilasi, ambavyo hupanua eneo la kufyonza virutubisho. Seli zake zinapopasuka, vilasi hufupika na vishimo vilivyo kati yake huongezeka kina kwa kuwa mwili unaharakisha kuzalisha seli za kuziba mapengo. Seli hizo changa bado hazina vimeng'enya vya kutosha vya kukamilisha umeng'enyaji wa sukari na protini. Mafuta hufyonzwa kwa shida, na pamoja nayo vitamini zinazoyeyuka katika mafuta na karotenoidi zinazoipa ngozi na miguu ya kuku rangi ya manjano. Kwa sababu hiyo, kupauka kwa miguu hutajwa kuwa dalili ya maambukizi. Dalili hii ihitaji uangalifu nchini Tanzania, kwa kuwa mahindi mengi yanayolimwa ni meupe na hayana karotenoidi za kutosha. Miguu ya kuku anayelishwa mahindi hayo inaweza kuwa imepauka hata akiwa mzima kabisa.

Njia ya tatu ni uvujaji. Seli zinapopasuka, protini za damu huvuja na kuingia ndani ya utumbo, na utando wa ute huzalishwa kwa wingi zaidi. Ute huo hutengenezwa kwa protini yenye treonini nyingi. Hivyo asidi amino ambayo ingejenga misuli ya kifua huishia katika kinyesi. Uvujaji huo una tokeo jingine: protini na ute huwa chakula cha bakteria Clostridium perfringens, na ndiyo sababu koksidiosisi hutangulia mara nyingi ugonjwa wa kuoza kwa utumbo unaosababishwa na bakteria huyo.

Njia ya nne ni gharama ya kinga. Kuzalisha seli za kinga, kuunda kemikali za uvimbe na kukarabati utumbo kunahitaji nishati na asidi amino. Mwili wa kuku hutoa kipaumbele kwa kazi hizo, na ukuaji wa misuli hungoja. Kuku hupata kinga imara baada ya kukutana na kimelea mara kadhaa, lakini kinga hiyo huhusu spishi husika tu. Aliyekingwa dhidi ya Eimeria acervulina bado yuko wazi kwa Eimeria maxima.

Kwa mfugo unaoishi muda mrefu, hasara ya siku kumi ingeweza kufidiwa baadaye. Kuku wa nyama aliyeumia siku ya 24 na atakayeuzwa siku ya 35 hana muda huo.

4.0 Kwa nini hasara haionekani

4.1 Jina la ugonjwa

Wafugaji wengi huiita koksidiosisi kuhara damu. Jina hilo linaeleza vizuri kazi ya Eimeria tenella, ambaye hujeruhi kuta za sikamu na kusababisha damu kutoka na kinyesi, vifaranga kuzubaa na baadhi yao kufa. Lakini jina hilo hilo humfundisha mfugaji kungoja damu. Eimeria acervulina kwa kawaida haisababishi damu katika kinyesi. Eimeria maxima inaweza kuacha ute wa rangi ya chungwa wenye michirizi ya damu ndani ya utumbo, lakini katika maambukizi mepesi mfugaji hataona kitu kwa nje isipokuwa kinyesi kilicho laini kidogo. Spishi hizi mbili ndizo zinazokaa katika sehemu ambako virutubisho vingi hufyonzwa. Hivyo spishi inayotisha macho na spishi zinazopunguza uzito kimyakimya si lazima ziwe zile zile.

4.2 Mfano wa kukokotoa

Tofauti kati ya vifo na hasara ya ukuaji inaweza kuoneshwa kwa hesabu rahisi. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Chukulia mabanda mawili yenye kuku 500 kila moja. Lengo ni kilo 2 kwa kuku siku ya 35, kwa uwiano wa kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo 1 ya uzito.

Katika banda A, kuku 10 wanakufa katika wiki ya tatu, kila mmoja akiwa amekula kilo 1.2. Waliobaki 490 wanafikia lengo. Uzito unaouzwa ni kilo 980, na chakula kilichotumika ni kilo 1,568 pamoja na kilo 12 za waliokufa, jumla kilo 1,580.

Katika banda B, hakuna kuku anayekufa. Maambukizi mepesi yanashusha uzito wa wastani hadi kilo 1.8 na kupandisha uwiano hadi 1.7. Uzito unaouzwa ni kilo 900, na chakula kilichotumika ni kilo 1,530.

Banda A limepungukiwa na kilo 20 za kuku kutoka katika lengo. Banda B limepungukiwa na kilo 100, huku likiwa limeokoa kilo 50 tu za chakula, sawa na mfuko mmoja, likilinganishwa na banda A. Hata hivyo, daftari la vifo lingemsifu mfugaji wa banda B na kumtia wasiwasi mfugaji wa banda A.

Makadirio ya kitaalamu yanaelekea upande huo huo. Tathmini ya gharama za koksidiosisi nchini Uingereza kwa mwaka 1995 ilionesha kwamba karibu gharama zote ziliangukia kuku wa nyama, na kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na athari katika uzalishaji, si katika ununuzi wa dawa. Tathmini nyingine iliyochapishwa mwaka 2020, ikijumuisha takwimu kutoka nchi kadhaa, Nigeria na Misri zikiwemo, ilikadiria gharama ya dunia nzima kwa mwaka 2016 kuwa takribani pauni bilioni 10.4.

5.0 Maana yake kwa usimamizi na utafiti

Jambo la kwanza ni kupima. Kupima uzito wa sampuli ya kuku kila wiki na kuandika chakula kilichotumika hakuhitaji maabara. Kunahitaji mzani na daftari. Kundi ambalo uzito wake unabaki nyuma kati ya siku ya 21 na ya 28, bila upungufu wa chakula wala hitilafu ya joto, linastahili kuchunguzwa. Uchunguzi huo unaweza kufanywa kwa kuwapasua kuku wachache na kuvipa vidonda vya utumbo alama kuanzia 0 hadi 4, kwa utaratibu uliopendekezwa na Johnson na Reid mwaka 1970 na unaotumika hadi leo.

Jambo la pili ni matandazo. Kwa kuwa oosisti mbichi haiambukizi hadi ipate unyevu, matandazo makavu huchelewesha mzunguko mzima. Udhibiti huu huwa mgumu wakati wa masika, paa linapovuja au hewa inapokosa kupita. Sehemu hatari zaidi ni pembezoni mwa vyombo vya maji. Kuviinua hadi usawa wa mgongo wa kuku na kuondoa matandazo yaliyoloa kila siku ni kazi ndogo yenye matokeo makubwa kuliko kunyunyizia dawa ya kuua vijidudu.

Jambo la tatu ni matumizi sahihi ya dawa. Amproliamu, mojawapo ya dawa zinazopatikana kwa urahisi madukani, hufanya kazi kwa kuwa muundo wake unafanana na ule wa tiamini, yaani vitamini B1. Koksidia huichukua badala ya tiamini na kushindwa kuendelea. Mfugaji anayechanganya dawa hiyo na vitamini zenye tiamini nyingi katika maji yale yale, kwa nia njema ya kumpa kuku nguvu, humrudishia kimelea kile ambacho dawa imekusudia kumnyima. Vitamini hizo zinafaa zaidi baada ya tiba kukamilika. Aidha, kutumia dawa moja kundi baada ya kundi hujenga usugu. Chanjo hai, ambayo imekuwapo kibiashara tangu mwaka 1952, ni njia mbadala. Lakini mafanikio yake hutegemea vimelea vya chanjo kuzunguka kwa kiasi katika matandazo, na hivyo huhitaji usimamizi makini.

Kwa watafiti, hoja hii ina maana ya kimbinu. Idadi ya oosisti katika gramu moja ya kinyesi haitoshi kuwa kipimo cha madhara. Maambukizi yanapokuwa makubwa sana, seli za utumbo zinazoweza kuvamiwa hupungua, na idadi ya oosisti zinazozalishwa kwa kila oosisti iliyomezwa hushuka, ilhali majeraha yanaongezeka. Utafiti unaolenga lishe unapaswa kuunganisha hesabu ya oosisti na alama za vidonda, urefu wa vilasi, uzito na uwiano wa chakula. Vilevile, utafiti unaoripoti maambukizi ya vimelea vya kuku kwa jumla, bila kutenganisha kuku wa nyama na kuku wa kienyeji, huficha tofauti ya umri ambayo ndiyo inayoamua ni kimelea kipi kina nafasi ya kudhuru.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhusiano kati ya vimelea vya utumbo na ukuaji wa kuku wa nyama huongozwa na muda. Maisha ya kuku huyu ni mafupi kiasi kwamba minyoo wengi hawawahi kukomaa, lakini ni marefu ya kutosha kwa koksidia kuzunguka mara kadhaa. Madhara yake makuu hayatokani na kimelea kula chakula cha kuku, bali na kupungua kwa hamu ya kula, kuharibika kwa ufyonzwaji, uvujaji wa protini na gharama ya kinga. Yote manne yanaweza kutokea bila kifo na bila damu. Mfugaji anayesubiri dalili hizo mbili ili achukue hatua atakuwa amekwisha kulipia hasara kupitia mifuko ya chakula. Kwa hiyo mafunzo ya ugani kuhusu ugonjwa huu hayana budi kuuweka mzani kando ya daftari la vifo, na kumweleza mfugaji kwamba kuhara damu ni sura moja tu ya ugonjwa ambao sura yake ya kawaida ni kudumaa.